Bafu la nyumba ya zamani Tabora: marumaru ni kazi ya mwisho

Wenye nyumba za zamani hapa Tabora huniuliza marumaru gani zinafaa bafuni. Jibu langu huwaudhi kidogo: hatujafika huko. Ukuta wa matofali mabichi uliolowa chini miaka nenda rudi hauponi kwa kufunikwa. Ukiuvalisha marumaru, maji yatatafuta pa kutokea, mara nyingi upande wa chumbani, na baada ya misimu miwili ya mvua marumaru zitadondoka zikiwa na udongo mgongoni.

Kwanza ijue nyumba yako. Zile za enzi za reli (reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912) mara nyingi ni za mawe au matofali ya kuchoma yaliyofungwa kwa chokaa. Hizo zinavumilia. Nyumba za mitaani kama Gongoni, Ng'ambo au Kanyenye, zenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma, nyingi ni za matofali mabichi yaliyojengwa kwa udongo, saruji ikaja baadaye juu yake. Usikisie. Chimbua lipu kidogo nyuma ya mlango, chukua punje ya tofali, iloweshe na uisugue kwa vidole. Ikiyeyuka kama uji, ni bichi. Ninayoandika hapa yanahusu zaidi nyumba hizo, kwa sababu ndizo zinazoharibiwa na matengenezo mabaya.

Kabla ya kubomoa, jua maji yanatoka wapi. Kata nailoni ngumu ya sentimita 60 kwa 60, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, ikae saa 24 bila mtu kuoga. Ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini au kuna bomba linalovuja chini ya sakafu. Funga koki zote, kaangalie mita: kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, ni bomba. Kisipo­zunguka, ni ardhi. Nailoni ikiwa kavu chini lakini ukuta umelowa, maji ya kuoga yanapenya kwenye kona, pale sakafu inapokutana na ukuta. Kila hali ina tiba yake, na fundi anayeanza na nyundo bila kupima atakutibu ugonjwa usio wako.

Toka pia nje ukatazame ukuta huohuo kwa nyuma. Nyumba nyingi za zamani ardhi ya uani imepanda kwa miaka ya kufagia, kumwaga majivu na kifusi, hadi imeipita sakafu ya ndani. Hapo hakuna dawa ya dukani itakayokausha ukuta. Shusha udongo hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, kisha mwaga mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 kuuzunguka ukuta, ukiteremka kwenda nje. Wapo watu waliomaliza tatizo kwa jembe na mifuko miwili ya saruji tu.

Kazi ya ukuta ifanyike kiangazi, Mei hadi Oktoba. Gonga lipu kwa mpini wa nyundo; iliyojitenga inalia tupu. Chora mpaka kwa chaki, ongeza sentimita 30 juu ya mpaka huo, kisha ibandue kwa tindo na nyundo ndogo. Nyundo kubwa marufuku: mtikisiko wake unalegeza udongo wa kozi (safu za matofali) za juu, na nyumba hizi kwa kawaida hazina mkanda wa zege wa kuzifunga. Ukishabandua, acha dirisha na mlango wazi wiki tatu au nne. Najua hakuna anayependa kusubiri, lakini lipu mpya juu ya udongo mbichi ni pesa iliyotupwa.

Sasa kozi za chini. Zikiwa zimeliwa, yaani bisibisi inazama kirahisi zaidi ya sentimita 3, zibadilishe kwa matofali ya kuchoma. Hii ndiyo kazi inayoogopwa na ndiyo inayookoa nyumba. Kanuni yake ni moja: usifungue sehemu inayozidi sentimita 60 kwa mara moja. Ukuta wa mita 3.6 ugawe vipande sita, uvipe namba. Fungua cha 1 na cha 4, jenga, subiri siku tatu. Kisha cha 2 na cha 5, subiri tena. Mwisho cha 3 na cha 6. Kila kipande kianze kwenye mawe ya msingi yaliyosafishwa, matofali yaliyoloweshwa yajengwe kwa saruji ndoo 1 na mchanga ndoo 4. Ukifika sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi ya nje, laza nailoni nzito ya geji 1000 kwa upana wote wa ukuta, kipande kimoja kikipandana na jirani yake kwa sentimita 15, halafu endelea kujenga.

Mafundi wengi huharibu kwenye tundu la juu kabisa, kati ya tofali jipya la mwisho na ukuta wa zamani. Wanalijaza rojo laini kwa mwiko, linasinyaa, ukuta unashuka milimita chache na unapasuka hadi darini. Tundu hilo lijazwe mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga, 1 kwa 3, unaoshikana ukiukamata ngumini bila kuchuruza maji, ukishindiliwa kwa kipande cha ubao hadi usiingie tena. Ongeza vipande vya tofali kama kabari. Chini ya kizingiti cha juu cha mlango au dirisha usifungue kitu bila kuweka mirunda. Na kama ukuta umetoka tumbo, au ufa unaingiza kidole, acha, mwite mhandisi.

Ukuta ukisimama, njoo sakafuni. Chimba sentimita 20 chini ya usawa unaoutaka, lakini usichimbe chini ya mawe ya msingi. Shindilia moramu sentimita 10, tandaza nailoni ya geji 1000 ikipanda ukutani kama bakuli, kisha zege sentimita 10 ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa bafu la mita 1.8 kwa 2.4 hiyo ni zege kama mita za ujazo 0.43: mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, mchanga ndoo 10 au 11 za lita 20, kokoto ndoo 21. Maji yasizidi lita 25 hivi kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Mchanga wenyewe uupime: tia sentimita 5 kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope linalotuama juu likizidi milimita 4, uoshe au urudishe.

Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, kutoka mlangoni kwenda kwenye trapu ya sakafu, yaani tundu la kutolea maji. Vuta uzi na upime kwa pima maji kabla zege haijamwagwa. Kurekebisha mteremko kwa gundi ya marumaru baadaye ni ujanja wa kuficha, na dimbwi litabaki pale pale kwenye kona.

Bomba za maji machafu zitangulie zege. Maji ya kuoga inchi 2, choo inchi 4, zote ziteremke sentimita 2.5 kwa mita. Trapu ya sakafu iwe na maji yanayosimama ndani yake kimo cha sentimita 5. Hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Bomba la choo lipate bomba la hewa linalopanda kupita paa. Bila hilo, kila ukivuta maji choo kinanyonya maji ya trapu, nawe utanunua dawa za harufu hadi uchoke. Kila kona ya nje iwe na chemba yenye mfuniko. Mtaro wa bomba usiende sambamba na msingi kwa karibu: ukichimba kina cha sentimita 80, kaa angalau sentimita 80 mbali na ukuta. Kama ua una kisima, shimo la kunyonya maji liwe mita 30 au zaidi kutoka hapo, na lisiwe upande wa juu wake. Kabla ya kumwaga zege, ziba midomo yote ya bomba kwa nailoni na tambara. Rojo likiingia kwenye trapu, utavunja sakafu mpya.

Kwa nini saruji haishiki kwenye udongo? Tofali bichi linavuta na kutoa unyevu, linavimba na kusinyaa. Lipu ya saruji ni ngumu na haipumui. Maji yanakusanyika nyuma yake, uso wa udongo unalainika, lipu inabanduka bamba zima. Kwa hiyo sehemu isiyopata maji, kuanzia mita 1.8 kwenda juu, piga lipu laini: saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Chokaa ya unga iloweke tangu jana yake, na uvae miwani, maana inaunguza macho.

Sehemu inayomwagiwa maji mimi sipendi waya wa kuku na misumari kwenye udongo, ingawa ndiyo njia inayotumika sana. Kama nafasi ipo, jenga ukuta mwembamba wa ndani wa matofali ya kuchoma, unene wa sentimita 10, ukikalia zege mpya, ukiacha uwazi wa sentimita 2 na ukuta wa zamani, hadi kimo cha mita 1.8. Kwa tofali la sentimita 22 kwa 10 kwa 7 utahitaji kama 50 kwa mita moja ya mraba. Ongeza matano ya kuvunjika. Bomba zote za maji zipite kwenye ukuta huu. Unapoteza sentimita 14 hivi za bafu ukihesabu na lipu, lakini hutachimba mfereji kwenye tofali bichi, na siku bomba likivuja utavunja ukuta usiobeba paa.

Bomba za chuma za zamani zing'oe zote. Kwa ndani zimejaa kutu, na msukumo ukiongezeka zinapasuka kwenye maungio. Weka PPR, bomba za plastiki zinazounganishwa kwa joto, za milimita 20. Mashine ya kuunganishia iwe nyuzi 260, bomba la milimita 20 likae sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, kina kama milimita 14 kwa lile la 20. Ukizidisha joto, plastiki inatengeneza pete ndani na maji yanapita kama ya dripu. Jaza maji, funga, acha usiku mzima, ukague kila ungio kwa karatasi kavu kabla ya lipu.

Hapo sasa unaweza kuzungumzia marumaru. Sakafuni chagua zenye uso wa kukwaruza, 30 kwa 30, kwa sababu kubwa zaidi hazifuati mteremko. Gundi isambazwe kwa mwiko wa meno ya milimita 8 au 10, ipakwe kote. Ile tabia ya kubandika vibonge vitano inaacha mapango, maji yanajaa humo na marumaru inapasuka ukikanyaga. Kona za ukuta na sakafu weka silikoni. Grauti, ile ya kujazia mianya ya marumaru, itapasuka hapo.

Lakini kama nyumba ina sakafu ya zamani ya niru nyekundu (saruji laini iliyotiwa rangi), mimi ningeirudisha hiyohiyo hata bafuni. Ni rahisi, inatengenezeka, na inafanana na nyumba. Rangi ya oksaidi isizidi kilo 2.5 kwa mfuko wa saruji, ipigwe siku hiyohiyo kabla sakafu haijakauka, na ifunikwe magunia mabichi siku saba. Usiisugue iwe kioo. Ikianza kushika, ipitishe ufagio laini ili mguu wenye sabuni usiteleze.

Mlango: miimo ya zamani ya mninga mara nyingi imeoza chini tu. Kata sentimita 20, mwaga kitako cha zege, mwimo ukae juu yake. Usiitupe miimo hiyo ukanunua mbao laini. Mchwa wa Tabora hawakosei njia. Na matundu ya hewa yaliyo chini ya dari usiyazibe kwa ajili ya baridi ya Juni. Weka wavu wa mbu.

Shawa ya umeme ya wati 5,000 inavuta karibu ampia 22. Haiwezi kuchukua umeme wa waya wa taa, achilia mbali waya za zamani zilizokauka mpira. Ipate waya wake wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye ubao wa umeme, swichi yake yenyewe, ethi inayofika ardhini kweli, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Bila ethi, chemsha maji jikoni.

Malipo ya mwisho ya fundi yasitoke kabla ya jaribio hili: ziba trapu, jaza sakafu maji kimo cha sentimita 2 mlangoni, weka alama ya penseli ukutani, subiri saa 24. Maji yakishuka chini ya alama zaidi ya milimita 2 au 3, au ukuta wa chumba jirani ukipata doa, kazi haijaisha. Ukizibua trapu, maji yote yaondoke yenyewe bila kusukumwa kwa ufagio. Yatakapobaki, chora duara na umwoneshe.