Utenzi si shairi refu

Tangu dirisha la kupokea tungo za vijana lifunguliwe hapa Tanga, lalamiko ni lile lile: "Utenzi wangu umerudishwa, na una beti hamsini!" Ndugu zangu, wingi wa beti haujawahi kugeuza shairi likawa utenzi.

Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani, yaani silabi, nane nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani inaishia kwa sauti inayofanana. Wa nne una kina cha bahari, kinachorudi ubeti kwa ubeti hadi tamati. Sikio linakingoja, ndiyo maana kisa kirefu hakichoshi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku huku kwetu, alipotaka kusimulia Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitamalaki pwani ya Mrima alitunga utenzi. Tarbia ni jambo jingine: mishororo minne ya mizani kumi na sita, nane ya ukwapi, nusu ya kwanza, na nane ya utao, nusu ya pili. Hiyo inafaa hoja moja, fumbo, au kujibizana kama malenga walivyofanya katika gazeti la Mambo Leo.

Sasa mizani, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kinachohesabiwa ni silabi kama inavyotamkwa, si herufi. "Mwalimu" ni mizani tatu, si nne. "Mbwa" ni mbili, na "mbuzi" pia ni mbili. Atakayebisha atamke polepole. Kijana mmoja aliandika:

Nahodha ametia nanga, bandari imetulia

Ukwapi una mizani tisa. Angesema "katia", kama tusemavyo kila siku uswahilini, zingetimia nane bila kupoteza maana. Huo ndio ufundi.

Utaratibu: nakala mbili, jina kwenye karatasi ya pembeni, na bahari ya utungo, yaani aina yake, itajwe juu kabisa. Mshororo mmoja ukipinda, alama zinakatwa. Ikipinda mitatu, kazi inarudi kabla haijafika kwa waamuzi. Ukinakili utungo wa mtu unaondolewa, na mwenye kazi ana haki zake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tafadhali msitulaumu kwa hilo.

Wapo wanaojitetea kwamba walikusudia shairi huru, lisilofungwa na vina na mizani. Halikatazwi, lina nafasi yake. Tangu mshairi Euphrase Kezilahabi atoe diwani yake Kichomi mwaka 1974 mabishano hayo yana umri kuwazidi ninyi. Lakini shairi huru lina mapigo yake, taswira zake, na sababu ya kukata mstari pale ulipokatwa. Utungo ulioanza na vina ukavikosa ubeti wa tatu ni guni, yaani utungo wenye kasoro ya kanuni, na kuuita huru baada ya kurudishiwa hakuusaidii.

Aliyerudishiwa anaweza kurekebisha na kuleta tena mara moja, pamoja na ile nakala yenye alama zetu za kalamu nyekundu. Bila nakala hiyo hatupokei.