Figo si chujio tu jamani

Wengi tunaamini figo ni chujio, uchafu unapita basi. Kuchuja kupo kweli, kama lita 180 kwa siku, ila mkojo ni lita 1 au 2 tu, zilizobaki zinarudishwa kwenye damu. Ili mkojo uwe mzito, ndani kabisa ya figo chumvi na urea (taka itokanayo na protini) vinarundikana hadi ukali wa mara 4 hivi ya damu, seli za pale zingenyonywa maji zikasinyaa, kumbe zinatengeneza sobitoli na kuvuta betaini, inositoli na taurini, vitu vidogo vinavyoshikilia maji ndani ya seli bila kuharibu protini zao. Ukinywa maji mengi zinavitoa fasta zisivimbe, hapo ndo napapenda! Cheki mkojo wa asubuhi na wa baada ya maji mengi, rangi tofauti kabisa, chujio tupu lingeweza hivyo?