Kufuta faili moja isirejeshwe tena: diski ya sumaku na SSD

Mteja akiniomba nimfutie faili moja tu, tuseme orodha ya mishahara au hati ya nyumba iliyoskaniwa, mimi humwuliza kwanza kama kompyuta yake inatumia diski ya sumaku, ile yenye sahani zinazozunguka, au SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama kazi hiyo inawezekana.

Pipa la taka linapomwagwa, mfumo endeshi (Windows, macOS au Linux) kwa kawaida hauigusi data yenyewe. Huondoa jina la faili katika orodha yake na kuihesabu nafasi ile kuwa wazi, kama karani aliyechana ukurasa wa faharasa na kukiacha kitabu kizima rafuni. Programu ya bure ya kurejesha faili kama PhotoRec haihitaji faharasa hiyo, kwani huisoma diski moja kwa moja.

Kwenye diski ya sumaku, dawa ni kuandika data nyingine juu ya ile ya zamani, kwa programu ya SDelete katika Windows au amri ya shred katika Linux. Mara moja yatosha. Wanaodai kuandika juu mara 35, yaani mizunguko 35, wanarejelea makala ya mtaalamu wa usalama wa kompyuta Peter Gutmann ya mwaka 1996, ingawa mwenyewe alifafanua baadaye kwamba mizunguko hiyo ilikusanywa ili kukidhi teknolojia mbalimbali za diski za wakati ule, na kwamba hakuna diski inayoihitaji yote.

SSD ni habari nyingine kabisa. Chembe zake za kuhifadhia data haziwezi kuandikwa upya kabla ya bloku nzima, yaani kundi la chembe, kufutwa, na kila bloku huchakaa kwa kufutwa mara nyingi. Kwa hiyo kidhibiti, chipu inayoiongoza SSD kutoka ndani, hupeleka data mpya mahali pengine na kuiacha ya zamani ilipo hadi kitakapoamua chenyewe kuisafisha. Programu inaamini imeandika juu ya faili, kumbe imeandika pembeni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mbinu za kufuta faili mojamoja kwenye SSD, na hakuna hata moja iliyofaulu. Apple nao waliondoa amri ya kumwaga pipa kwa usalama katika El Capitan, toleo la mfumo endeshi wa Mac la mwaka 2015, kwa kuwa hawakuweza kuihakikisha kwenye hifadhi za aina hiyo. Uamuzi ambao mimi nauheshimu kuliko programu nyingi zinazouzwa kwa ahadi. Amri ya TRIM husaidia, kwa kuwa hukijulisha kidhibiti nafasi zisizohitajika tena, lakini haikilazimishi kuzisafisha papo hapo.

Kinachobaki ni kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila nenosiri, kabla ya siri kuingia: BitLocker (Windows), FileVault (Mac) au LUKS (Linux) kwa diski nzima, au kontena la programu ya VeraCrypt, faili moja iliyofungwa inayobeba nyingine ndani yake, kwa faili chache, pamoja na nenosiri refu. Mabaki yakibaki, atakayeinunua kompyuta hiyo hataweza kuyasoma. Usimbaji wa diski nzima, hata hivyo, haumzuii mtu anayeikuta kompyuta yako ikiwa imefunguliwa.

Kabla ya yote hayo, zitafuteni nakala. Word huacha faili za muda, Windows huweza kuhifadhi matoleo ya awali, na Google Drive ina pipa lake. Faili iliyotumwa kwa WhatsApp ili ichapishwe steshenari imeshakaa kwenye kompyuta ya pale, na hiyo ni lazima umwombe mwenye duka aifute mbele yako.