Bronkiektasia: kifua kinapozidi baada ya TB kupona

Baba yangu mdogo alibeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kwa miaka mingi. Alimaliza dozi ya TB ya miezi 6, akapona, lakini kikohozi kikabaki. Kila asubuhi, kabla ya chai, makohozi nusu kikombe. Majirani wakasema TB imerudi. Haikuwa imerudi, ilikuwa bronkiektasia.

Ni hali ya mirija ya hewa mapafuni kutanuka na kubaki hivyo. Mrija wenye afya una vinyweleo vinavyosukuma ute kwenda juu. Ukiharibika, ute unatuama, bakteria wanazaliana humo, na mrija unazidi kulegea. Mbali na TB, chanzo chaweza kuwa nimonia, surua au kifaduro cha utotoni. Eksirei inaweza isiione. CT, kipimo cha picha za kina za mapafu, huionyesha vizuri.

Sasa, mtu anayekohoa kila siku utajuaje amezidiwa? Tazama makohozi. Ya baba mdogo kwa kawaida ni meupe. Yakiwa mengi, mazito na ya kijani kwa siku mbili mfululizo, huku pumzi inakata na mwili umechoka, hapo amezidiwa. Apeleke makohozi maabara kabla hajaanza antibayotiki, wajue ni bakteria gani. Dawa kwa kawaida ni ya siku 14. Vidonge vya siku tatu kutoka duka la dawa vinampumzisha kidogo tu, kisha anarudi palepale, na vinaninyima raha kila nikiviona mezani kwake. Amwambie daktari pia kwamba aliwahi kuugua TB, maana kipimo cha vinasaba vya TB huweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa, ikaonekana kama TB imerudi. Akikohoa damu nyingi, ni hospitali usiku huohuo.

Lakini kazi kubwa ni ya nyumbani: kuutoa ute. Anakaa wima, anavuta pumzi polepole, anaishikilia sekunde tatu, kisha anaitoa kwa nguvu mdomo wazi, "haaa", kama anayetia ukungu kwenye kioo. Anarudia mpaka makohozi yapande, asubuhi na jioni. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyemfundisha. Dawa za kukata kikohozi tumeziacha, kwa sababu zinaufungia ute ndani. Na shangazi amehamisha jiko la kubanikia samaki hadi nyuma ya nyumba, mbali na dirisha la baba mdogo.