Mtoto haongezeki uzito? Anza na uzito wa uji

Mimi ni afisa lishe, na mama akiniambia mwanawe "anakula vizuri tu ila kilo hazipandi", huwa namuuliza kwanza: uji anaunywa au anaula? Mara nyingi anaunywa. Umechujwa, ni laini, unapita hata kwenye tundu la chuchu ya chupa, na mtoto anamaliza kikombe kizima. Nyumbani kila mtu anaridhika kwamba ameshiba.

Ameshiba kweli, lakini ameshiba maji. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 6 huishia kwenye mililita 180 hivi kwa mlo mmoja. Kati ya miezi 6 na 8, pamoja na maziwa ya mama, anahitaji kama kilokalori 200 (kipimo cha nguvu ya chakula) kwa siku kutoka kwenye chakula, na anayetakiwa kufidia uzito uliopotea anahitaji zaidi ya hapo. Sasa chukua kikombe chake cha uji mwepesi. Ndani yake kuna unga wa kijiko kimoja cha chakula, yaani gramu 10 au zaidi kidogo, ambao ni kilokalori 35 au 40. Ili afikishe 200 itabidi anywe vikombe vitano au zaidi, na vikombe hivyo vitachukua nafasi ya ziwa la mama, ambalo lina nguvu kuliko huo uji.

Kiasi hicho hicho cha uji kikipikwa kwa gramu 25 za unga, ukiuinua kwa kijiko ukabaki palepale bila kutiririka, unafika kilokalori 90. Tia kijiko cha chai cha mafuta, umeongeza 40. Tia kijiko cha chai cha karanga zilizosagwa laini, umeongeza 30 nyingine. Sasa hata asipomaliza, nusu aliyokula inazidi kikombe kizima cha jana. Mafuta ni yaliyopo: alizeti kwa watu wa Singida, mawese kwa watu wa Kigoma (yale mekundu yana na vitamini A), na Tanga tui zito la nazi linafanya kazi hiyo hiyo. Parachichi lililopondwa halihitaji hata moto.

Nijibu kabisa la unga wa lishe, kama wa nafaka nyingi ndio bora, maana naulizwa kila wiki. Ule wa nafaka kumi na mbili haumshindi wa nafaka moja kwa sababu ya wingi wa majina. Mahindi, mtama, ngano, mchele na ulezi vyote ni nafaka, na kuvichanganya hakumpi mtoto kitu kikubwa ambacho mmoja wao haukumpa. Kinachobadilisha mambo ni jamii ya kunde, mbegu za mafuta na chakula cha mnyama. Tena soya isiyopitishwa motoni vizuri kabla ya kusagwa huzuia mwili kutumia protini, na karanga zilizosagwa pamoja na unga wa mwezi mzima huchacha upesi. Mimi nashauri unga wa kawaida, karanga zihifadhiwe peke yake, zisagwe kidogo kidogo na kutiwa wakati wa kupika. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupwe, usiioshe ukaitumia. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara.

Uji mzito unamshinda mtoto kumeza? Hapo ndipo kimea kinapoingia, na wapika pombe hawahitaji kufundishwa. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, upukuchue vichipukizi, usage. Nachagua ulezi kwa sababu vichipukizi vya mtama vina kemikali inayotoa sumu ya sayanaidi. Pika uji mzito karibu na ugali, uepue, upoe kidogo, kisha koroga kijiko cha chai cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache utalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena ndipo umpe. Nguvu yote imebaki ndani, na mtoto anameza.

Kilo si nguvu peke yake. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana kufikia miezi 6, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huishiwa mapema zaidi. Maini yaliyopondwa, nyama iliyosagwa, yai lililoiva, au dagaa waliosafishwa, wakakaangwa kavu na kutwangwa unga: kimoja cha hivyo kila siku, tangu mwanzo. Dagaa ndio rahisi kwa wengi. Supu pekee haitoshi. Bibi atasema nguvu iko kwenye mchuzi, na kwa heshima zote namwambia bibi nguvu imebaki kwenye nyama aliyokula baba. Chai usimpe, inazuia chuma kuingia mwilini. Asali hapana mpaka atimize mwaka.

Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, huku ukinyonyesha kila anapotaka, usiku pia. Ongeza mpaka nusu kikombe. Usimbane pua ukammiminia kwa kiganja; uji huingia mapafuni, na mtoto aliyeogopeshwa hufunga mdomo akiona kijiko tu. Akiugua, mpe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Kati ya miezi 6 na 9 mtoto mwenye afya huongeza kama gramu 300 hadi 400 kwa mwezi. Anayefidia anapaswa kuzidi hapo. Mpeleke akapimwe kila baada ya wiki mbili, si kila siku. Ukifuata haya mwezi mmoja na mstari kwenye kadi bado umelala, tatizo huenda si jiko: mwombe daktari aangalie kifua kikuu, VVU, maambukizi ya mkojo, moyo. Na kama hajafikisha miezi 6, usikimbilie uji, tuangalie kwanza anavyonyonya.

Miguu ikivimba, au akikataa kula kabisa, au mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa chini ya sentimita 11.5, acha mambo ya mafuta na karanga, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Huyo anahitaji chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo mkali, pengine na kulazwa.