Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Hodari wa Kupiga Mbizi Anaweza Kudhurika Akipewa Mtungi wa Hewa?

Jioni, maji yanapojaa, wavulana wa Forodhani mjini Unguja hujirusha baharini kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine, wakazama, kisha wakaibuka mbali na pale walipoangukia huku wakicheka. Anayewatazama hushawishika kuamini kwamba watoto kama hao wakivishwa mtungi wa hewa mgongoni hawatahitaji mafunzo marefu, kwa kuwa bahari wameshaizoea tangu utotoni. Dhana hiyo ina kosa, na kosa hilo ndilo linalotufikisha kwenye jibu la swali ambalo wazazi wengi huuliza wanapofika kwenye hoteli za pwani zenye vituo vya uzamiaji: je, mtoto mdogo afundishwe kuzamia kwa mtungi?

Anayepiga mbizi kwa pumzi yake mwenyewe huvuta hewa akiwa juu ya maji. Anaposhuka, maji huibana hewa hiyo kifuani. Anapopanda, hewa hutanuka na kurudi katika ujazo uleule alioondoka nao, wala haiwezi kuuzidi. Mwenye mtungi hali yake ni nyingine kabisa. Kidhibiti hewa kilichomo mdomoni humpa hewa yenye kanieneo, yaani nguvu ya mgandamizo, sawa na ya maji yanayomzunguka, na kwa kuwa kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kanieneo inayokaribia ile ya angahewa yote iliyo juu yetu, mzamiaji aliyejaza mapafu yake katika kina cha mita 10 amebeba hewa maradufu ya ile ambayo angevuta akiwa ufukweni. Akifunga pumzi na kupanda, lita 3 za hewa hutaka nafasi ya lita 6, na kifua cha binadamu hakina nafasi hiyo. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hupasuka, mapovu yakapenya kwenye damu, na yakifika kwenye ubongo humwangusha mtu kama aliyepatwa na kiharusi.

Wengi hudhani kwamba hatari hiyo ni ya kina kirefu, kumbe sivyo. Kutoka mita 20 hadi mita 10 hewa hutanuka kwa nusu tu ya ujazo wake, lakini kutoka mita 10 hadi juu huongezeka mara mbili. Hata katika bwawa la kuogelea lenye kina cha mita 2, mapafu yaliyojazwa chini yanadai nafasi zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano yanapofika juu, na madaktari wa uzamiaji wameshaona watu walioumia kwa kupanda kutoka kwenye maji yanayozidi mita moja kidogo tu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ambayo kila mkufunzi huifundisha ni kwamba mwenye mtungi asifunge pumzi kamwe.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka 8 aliye kwenye sakafu ya bwawa hilo. Maji yanapenyeza pembeni mwa miwani yake na kumwingia puani. Anashtuka, anatema kidhibiti, anafumba mdomo kwa nguvu na kupiga miguu kuelekea juu, kama alivyofanya mara mia alipokuwa akicheza majini. Kila alichokifanya ni sahihi kwa mpiga mbizi wa Forodhani, na kila alichokifanya ni hatari kwa mwenye mtungi. Kadiri mtoto anavyokuwa hodari wa kuogelea ndivyo mazoea ya kufunga pumzi yanavyokuwa yamemkolea, na mazoea hayaondolewi kwa somo la asubuhi moja.

Mashirika ya mafunzo yanaujua ugumu huu, na yameweka mipaka ya umri na kina. PADI, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1966, huruhusu watoto wa miaka 8 kuonja kuzamia wakiwa na mkufunzi katika kina kisichozidi mita 2, na cheti cha mwanzo cha vijana hutolewa kuanzia miaka 10. Mwenye cheti hicho wa miaka 10 au 11 huzamia na mzazi au mtaalamu, bila kupita mita 12. Nchini Ufaransa pia watoto huanza wakiwa na miaka 8. Zama za mwanzo hazikuwa na tahadhari hizi: Jacques Cousteau, aliyeunda kifaa cha kupumulia majini pamoja na Émile Gagnan mwaka 1943, alimfunga mwanawe Jean-Michel mtungi mgongoni na kumtosa baharini akiwa na miaka 7. Mtoto huyo aliishi kuwa mtetezi mashuhuri wa bahari, lakini mfano wake si hoja, kwa kuwa walioponea huwa ndio wanaobaki kusimulia.

Mwili nao una madai yake. Mrija unaounganisha koo na sikio la kati ni mfupi kwa mtoto, mwembamba, na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo huziba upesi akiwa na mafua. Mzamiaji hulazimika kuziba pua na kupuliza taratibu kila anaposhuka kidogo, ili kiwambo cha sikio kisisukumwe ndani. Mtoto asiyeweza kufanya hivyo, au anayeona haya kusema kwamba sikio linamuuma, anaweza kupasuka kiwambo kabla hajafika mita 3. Mwili mdogo pia hupoteza joto haraka, hata katika maji yetu ya vuguvugu. Mwenye pumu apimwe na daktari kwanza. Kuhusu mapovu ya naitrojeni, gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini mtu akiwa chini ya maji, na mifupa inayokua, wasiwasi upo kuliko ushahidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumzuia mtoto asiende kina kirefu wala kukaa chini muda mrefu.

Jambo ambalo wazazi hulisahau ni kwamba uzamiaji hufanywa wawili wawili, kila mmoja akiwa mwokozi wa mwenzake. Baba akipoteza fahamu katika mita 10, mwanawe mwenye kilo 30, aliyebeba mtungi ambao mtupu wenyewe una kilo 14 hivi, hawezi kumfikisha juu. Kwa maoni yangu, mtoto aliye chini ya miaka 12 asiingie baharini na mtungi ila akiwa kati ya watu wazima wawili wenye ujuzi, mmoja wao akiwa na kazi ya kumwangalia yeye peke yake. Bwawani, na mkufunzi aliye umbali wa mkono, miaka 8 yaweza kutosha kwa mtoto anayetaka mwenyewe. Anayetaka mara nyingi ni baba.

Aliye na hamu ya kumwonyesha mwanawe matumbawe ana njia nyepesi zaidi. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994 na mitungi hairuhusiwi, wanafunzi wa shule za Zanzibar hupelekwa wakiwa na miwani na mrija wa kupumulia, wakaelea juu ya maji na kutazama chini. Hewa wanayovuta ni ileile ya ufukweni, na matumbawe, kwa kuwa yanahitaji mwanga wa jua, yamestawi mita chache tu chini ya vifua vyao.