Kura imesema nani, haijasema nini

Kila baada ya uchaguzi, sisi tunaofundisha viongozi wapya wa vijiji na kata hapa Dodoma hukutana na swali lilelile. Halikosi. Mwenyekiti mpya, mara nyingi yule aliyeshinda kwa kishindo, ananyoosha mkono: "Mwalimu, wananchi wamenichagua wenyewe, tena kwa kura nyingi. Kama kila jambo lazima niwarudie kuwauliza, walinichagua nifanye nini?" Ukumbi unacheka, halafu unatulia, maana wengi walikuja na swali hilohilo mfukoni.

Jibu la sheria ni fupi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mwekezaji anaweza kuegesha gari lake uani kwa mwenyekiti, akakaribishwa chai, wakaelewana kila kitu. Bila muhtasari wa mkutano mkuu, pale hakuna kilichogawiwa. Sheria haiulizi mwenyekiti alipata kura ngapi, na aliyepita bila kupingwa hana nafuu yoyote. Mtunga sheria aliona kwamba kumchagua mtu ni jambo moja, na kuridhia ekari hizi ziende kwa fulani ni jambo jingine kabisa.

Wafugaji wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, hawahitaji mwalimu kuwaeleza hili. Mtu akimkabidhi mwenzake ng'ombe amtunzie, mtunzaji anakamua na kunywa maziwa, anaamua leo wakachunge bonde lipi, na hapigi simu kila asubuhi kuomba ruhusa. Lakini hauzi ndama bila mwenyewe kujua.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema jambo la aina hiyo katika ibara ya 8: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao kwa mujibu wa Katiba. Majukwaani hunukuliwa ile nusu ya kwanza. Nusu ya pili, inayoweka mipaka, husahaulika, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu neno "kishindo" huficha mengi. Zamani mgombea urais alipaswa kupata zaidi ya nusu ya kura halali. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, ibara ya 41 inatosheka na mgombea kupata kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Mwaka 2010 Rais Jakaya Kikwete alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 63, na hiyo ni zaidi ya nusu kwa mbali. Lakini walioandikishwa walikuwa kama milioni 20.1, na waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 43. Kura zake zilikuwa karibu milioni 5.3, yaani robo na kidogo ya walioandikishwa. Ushindi ule ulikuwa halali, sina neno nao. Ninachokataa ni mtu kusimama baada ya hesabu ya namna hiyo na kusema "Watanzania wameamua" juu ya kila kipengele cha ilani yenye mamia ya aya. Wenzetu Waingereza wana ajabu kubwa zaidi: Julai 2024 chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa chini ya asilimia 34 ya kura.

Lakini tuseme mshindi amepata karibu kura zote. Je, hapo sasa ana ruhusa ya kutenda kwa ujasiri anavyoona? Hapa Dodoma tuna kisa chetu wenyewe, na wazee waliokiishi bado tunao.

Katika uchaguzi wa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, akiwa mgombea pekee, alipata kura za "Ndiyo" zaidi ya asilimia 95. Alikuwa amesisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakiundwi kwa nguvu. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Dodoma, na mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kukawa amri ya nchi nzima, yenye kikomo cha mwaka 1976. Familia zilizokuwa zimetawanyika na matembe yao, nyumba za udongo zenye paa bapa, zikakusanywa mahali pamoja. Nia haikuwa mbaya: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kumfuata kila mtu porini, na vijiji vingi vilivipata kweli. Tatizo ni kwamba kutawanyika kule kulikuwa na sababu. Mvua ya Ugogo hunyesha kwa mafungu. Shamba hili linapata, la jirani linakosa. Mwenye mashamba ya mtama na uwele sehemu mbalimbali, na ng'ombe wenye nafasi ya kuhama, ndiye aliyevuka mwaka wa njaa. Kuwabana watu na mifugo yao mahali pamoja kulichosha ardhi iliyozunguka vijiji na kurefusha safari ya kwenda shambani. Baadaye wengine wakarudi mahame, yaani makazi ya zamani waliyoyaacha.

Ile kura ya 1970 iliuliza kuhusu mtu mmoja. Haikumuuliza yeyote kama yuko tayari kuhama tembe lake. Kama ingeuliza, huenda mzee mmoja angesimama akaeleza habari ya mvua, na mpango ukabadilika. Hasara ya kuichukulia kura kama ruhusa ya kila kitu ni hii: kiongozi anajinyima taarifa ambayo hakuna ofisa wake aliye nayo.

Sisemi ujasiri ni kosa. Kondoa, mwaka 1979, mifugo iliondolewa katika vilima vilivyoliwa na mmomonyoko, kwa mpango wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kama HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma). Wafugaji waliumia sana, na uoto ukarudi. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mtu wa Kondoa atakusimulia lile lililomgusa.

Mfano wa karibuni ni tozo ya miamala ya simu. Bunge lililoipitisha hapa Dodoma mwaka 2021 lilikuwa karibu lote la chama kimoja. Kwa hesabu ya viti, hakuna serikali ingeweza kuomba ridhaa kubwa zaidi ya ile. Tozo ikaanza Julai 15, na muamala mmoja uliweza kukatwa hadi shilingi 10,000. Kelele zikaanzia kwa wakala wa pesa, sokoni Majengo na kwenye vijiwe vya bodaboda. Kufikia Septemba ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashuka kutoka 7,000 hadi 4,000. Viti vyote vile havikuweza kuibeba, kwa kuwa aliyetakiwa kuilipa hakuwa ameelezwa akaelewa.

Sasa linganisha na serikali kuhamia Dodoma. Mwaka 1973 matawi ya TANU, chama tawala cha wakati huo, yaliulizwa, jambo likajadiliwa, likapitishwa, kisha likalala miaka mingi, hata tukaanza kutaniwa. Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama, ulikuwa uamuzi wa kijasiri, lakini swali lenyewe lilikuwa limeshajibiwa miaka 43 nyuma. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitamka Dodoma makao makuu, ili jambo lisitegemee kauli ya mtu mmoja. Ndiyo maana leo hutasikia mgombea anazunguka akiahidi kuirudisha serikali Dar es Salaam.

Mwenyekiti wetu wa ukumbini huwa na swali la pili, na mimi nalipenda kuliko la kwanza. "Na wakikataa, Mwalimu?" Wakikataa, wamekataa. Anaandika hivyo kwenye muhtasari, wanasaini. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Anarudi nao akiwa na makadirio ya gharama yaliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo mapema, watu wayasome wakiwa wametulia, na safari hii anaanza kwa kumpa nafasi mama aliyekaa nyuma, kama mara ya kwanza alinyimwa kusema.